Binti Yangu wa Miaka 16 Anakunywa, na Mimi Pia Hunywa. Nitamwambia Nini?

Hujambo Mwalimu,

Mimi ni mwendeshaji bodaboda hapa Kisumu, naishi Manyatta na mke wangu na watoto wanne. Naandika kuhusu msichana wangu wa kwanza. Ana miaka 16, yuko Kidato cha Tatu, shule ya kutwa. Mke niliye naye sasa si mama yake mzazi. Mama yake tuliachana akiwa bado mdogo, na mamangu ndiye aliyemlea huko Gem tangu hajajua kusema. Mamangu alifariki Novemba, tukamzika Desemba, na Januari nikamleta msichana mjini akae nasi.

Muhula wa kwanza alianza kuchelewa. Anafika saa moja usiku, anasema kulikuwa na masomo ya ziada. Mke wangu akaniambia huyu mtoto kila akiingia anatafuna minti. Nikapuuza. Wiki tatu zilizopita, Jumamosi asubuhi, nilimkuta nyuma ya choo anatapika. Nilidhani malaria, halafu nikadhani mimba. Nilipomkaribia nikapata harufu yenyewe. Mke wangu akapekua begi la shule, akatoa kota tupu ya vodka imefichwa ndani ya soksi ya michezo, na chupa ya soda ya nusu lita ambayo ilinuka vivyo hivyo.

Nilimuuliza nani amekufundisha, akanyamaza. Nikauliza tena kwa ukali, akaangalia chini. Basi nikampeleka kwa dada yangu Mamboleo, kwa kuwa wao huelewana. Huko alifunguka kidogo. Alisema wananunua wakiwa wasichana watatu, wanachangisha hela ya chakula cha mchana. Alisema mara ya kwanza kuonja ni usiku wa matanga ya nyanya yake, pale disko ilipokuwa inapigwa. Alisema akinywa analala bila kufikiria. Dada alipotaka kujua zaidi kuhusu usiku ule wa matanga, akajifunika shuka, mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa kila mtu ananiletea dawa yake. Wenzangu stejini wanasema samaki mkunje angali mbichi, nimpe kiboko atakachokikumbuka. Mke wangu anataka arudi Gem kwa baba yake mdogo, asije akaharibu wadogo zake. Dada anasema nitafute kituo cha kurekebisha tabia. Mchungaji amesema ni pepo.

Na kuna kitu kinachonifunga mdomo. Mimi hunywa. Si kila siku, lakini Jumamosi na Jumapili jioni bia mbili tatu lazima, na nilikuwa nikimtuma yeye duka la pombe la jirani aniletee. Walimzoea, wakimpa kwa jina langu. Juzi nilipoanza kumwambia pombe ni mbaya, aliniangalia tu, na maneno yakaniishia. Je, nina haki ya kumkataza? Na kwa nini msichana wa umri huu anywe, kama si ukaidi? Amekosa nini?

Baba, Manyatta, Kisumu

*

Baba,

Nimeisoma barua yako mara kadhaa na kuna maneno yaliyonishika: akinywa analala bila kufikiria. Umeyaweka katikati, baada ya habari ya kuchangisha hela na disko, halafu mwishoni unaniuliza kwa nini anywe. Jibu alishalitoa mwenyewe, akampa shangazi yake. Mtoto wako anakunywa ili mawazo yanyamaze na usingizi uje. Kwa hiyo swali la nani alimfundisha liache kwanza. Ni mawazo gani hayo yasiyomwacha alale?

Vijana hawanywi kwa sababu moja. Wapo wanaokunywa ili wachangamke, aibu iwatoke, muziki unoge. Wapo wanaoogopa kuitwa washamba chupa ikipitishwa. Wapo wanaotaka tu kujua hiyo stimu inayosimuliwa darasani ikoje. Na wapo wanaokunywa ili wasahau. Mwaka 2011 Daktari Lukoye Atwoli na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa vyuo mjini Eldoret. Zaidi ya nusu ya waliohojiwa walikuwa wamewahi kunywa pombe, wengi wakinywa na marafiki, na sababu walizotaja sana zilikuwa mbili: kupumzisha akili na kupunguza msongo wa mawazo. Hao walikuwa wakubwa kuliko binti yako, lakini nimefundisha sekondari miaka mingi, na sababu hizo nimezisikia kwa watoto wadogo kuliko yeye.

Anayekunywa kwa ajili ya wenzake, ukimbadilishia wenzake mara nyingi hupunguza. Anayekunywa ili asahau ataendelea hata akiwa peke yake chumbani, maana anachokikimbia yuko nacho. Huyo ndiye wa kuangaliwa kwa makini zaidi, na kiboko hakimsaidii kitu. Kinamwongezea jambo jingine la kusahau.

Hebu turudi kwenye matanga. Aliyezikwa Desemba ni mama yako, lakini kwa msichana huyu pia alikuwa mama, na ndiye mzazi pekee aliyekuwa akilala naye nyumba moja tangu utotoni. Unajua matanga yetu yalivyo. Hema limesimamishwa, ng'ombe amechinjwa, wazee wako kwenye kikao cha bajeti, wanawake wanalia na kushikana mabega. Yeye yuko wapi wakati huo? Yuko nyuma ya nyumba anasugua sufuria kwa majivu, anateka maji, anapeleka chai kwa wageni asiowajua. Kila mtu anamwita kumtuma, hakuna anayemwita kumuuliza amelala vipi. Usiku spika zinawashwa, vijana wanamiminika kutoka vijiji vyote, chupa inazunguka, na kwa dakika chache anapata ile nafuu ambayo sisi watu wazima hatukumpa wiki nzima. Nasema sisi kwa sababu desturi hii ni yetu sote, Nyanza na Magharibi. Disko matanga zimepigwa marufuku mara nyingi, machifu wameonya, na bado muziki unalia hadi alfajiri karibu na jeneza.

Halafu, kabla matanga hayajapoa, akahamishwa. Shule mpya, mji mpya, nyumba yenye mama asiyemzoea na wadogo asiowajua vizuri. Sikulaumu kwa kumleta, angebaki Gem na nani? Lakini kuna yeyote aliyekaa naye tangu siku hiyo akamzungumzia nyanya yake? Barua yako haisemi.

Pombe inamdanganya mwenye huzuni kwa namna moja ambayo ni vizuri uijue. Usingizi huja haraka, hilo ni kweli. Lakini mwili ukishaanza kuivunja hiyo pombe, usingizi unakatikakatika. Mtu anaamka saa tisa usiku, koo limekauka, moyo unadunda, na yale mawazo yamerudi. Asubuhi amechoka na ana hasira, jioni anaona anahitaji tena, na safari hii kidogo zaidi. Muulize kwa upole kama huamka saa hizo.

Na hiyo kota usiichukulie kuwa ni kichupa kidogo. Makali ya asilimia 40 katika mililita 250 yana kilevi sawa na chupa nne za bia za nusu lita. Wasichana watatu wakigawana kabla ya chakula cha mchana, kwa hela iliyokuwa ya chakula hichohicho, wanakunywa tumbo tupu, na soda inaficha ukali mpaka waimalize bila kuhisi. Mwili wa mtoto ni mdogo, unazidiwa upesi. Ikitokea siku moja mmempata amelewa hadi haamki mkimwita, anapumua polepole au kwa kukatika, ngozi imepoa, msimwache alale eti itaisha. Mlazeni kwa ubavu ili akitapika asipaliwe, msimpe kahawa wala msimmwagie maji, mkimbizeni hospitali. Akisema macho hayaoni vizuri baada ya kunywa pombe ya mtaani, mwendo ni uleule, tena mbio zaidi. Mwaka 2014 pombe iliyotiwa methanoli, kemikali yenye sumu, iliua watu wengi nchini na wengine wakabaki vipofu.

Sasa lile linalokufunga mdomo. Haki ya kumkataza unayo. Wewe ni baba yake, na bia ya Jumamosi haikukuvua ubaba. Kinachoweza kukuvua mbele yake ni kumdanganya. Usiende kumhubiria kwamba pombe ni sumu, kisha jioni akakuona nayo mkononi. Mwambie kama mambo yalivyo: nakunywa, na kukutuma dukani haikuwa sawa, sitakutuma tena. Kisha nenda kwenye lile duka mwenyewe, umwambie mwenye duka huyu ni mwanafunzi wa miaka 16, asimkabidhi chupa tena kwa jina lako wala la mtu mwingine. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile wengi wanayoiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, inakataza kumuuzia au kumpa pombe yeyote aliye chini ya miaka 18, na inataka baa na maduka ya pombe yawe umbali wa angalau mita 300 kutoka shuleni. Basi wasichana watatu wenye sare wamenunua kota wapi mchana kweupe? Hilo mpelekee chifu, na uwatafute wazazi wa hao wawili. Nenda kwa heshima, bila kuwaita watoto wao waharibifu. Wana shida yao kama wewe.

Nakuomba pia, kama ndugu, uache bia kwa muda huu anapopona. Ikae mbali na nyumba mpaka mwaka uishe angalau. Hutakuwa unamwigizia. Utakuwa unamwonyesha kwamba Jumamosi ya mtu mzima inaweza kupita bila chupa, jambo ambalo huenda hajaliona. Ukijaribu na ukaona Jumamosi mbili zinakushinda, hapo na wewe unahitaji msaada, na namba nitakayokupa chini ni yako vilevile.

Akikuuliza mbona wewe unaruhusiwa na yeye hapana, usimjibu kwa sababu mimi ni mkubwa. Mweleze. Ubongo wa binadamu unaendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, na sehemu ya mbele, inayomwambia mtu ngoja kwanza, ndiyo inayokomaa mwisho. Sehemu inayotafuta raha na nafuu hutangulia. Pombe ikiingia katika kipindi hicho, ubongo unajifunza haraka mno kuitegemea. Watafiti wawili wa Marekani, Bridget Grant na Deborah Dawson, walionyesha mwaka 1997 kwamba kati ya watu walioanza kunywa kabla ya miaka 15, takriban asilimia 40 walikuja kuwa tegemezi wakati fulani maishani. Kwa walioanza wakiwa na miaka 20 kwenda juu, walikuwa karibu asilimia 10. Takwimu hizo si hukumu juu ya binti yako. Yeye ana miezi michache tu katika jambo hili, na kila mwezi atakaokaa bila pombe ni faida kwake.

Namna ya kuzungumza naye ndiyo kazi ngumu. Usimkalishe sebuleni kama yuko kortini, mke wako upande huu na Biblia upande ule. Watoto wa umri huu huongea vizuri macho yakiwa kwenye kitu kingine. Jumapili asubuhi unapoosha pikipiki, mwite akushikie ndoo, wadogo zake wakiwa wamekwenda kanisani. Anza na nyanya yake, pombe iache kabisa. Sema kitu unachokikumbuka wewe, jinsi mama alivyokuwa akiwaamsha, wimbo aliokuwa akiimba akipepeta mtama, chochote cha kweli. Kisha mwambie: mimi nimempoteza mama, na nadhani wewe pia umempoteza mama, na sikukuuliza hata siku moja unaendeleaje. Nyamaza. Endelea kusugua rimu. Akikaa kimya dakika tano, kaa naye kimya dakika tano. Akilia, usimwambie jikaze. Kama hatasema kitu siku hiyo, rudia Jumapili nyingine, bila kumkumbusha kwamba alikataa kusema.

Akishafunguka, ndipo umuulize pombe humsaidia nini, na saa ngapi ya siku ndiyo mbaya zaidi kwake. Ukiijua saa hiyo, ijazeni kitu. Kama ni jioni kati ya kutoka shule na chakula cha usiku, apitie kwa shangazi yake siku kadhaa za wiki, au umchukue mwenyewe kwa pikipiki. Hela ya mchana lipieni shuleni moja kwa moja kama shule inakubali. Mweleze sababu, ili asione ni adhabu.

Mke wako nakuomba umtazame upya. Yeye ndiye aliyeona minti mapema, wewe ukapuuza. Mama asiyejali haoni minti. Hofu yake kwa wadogo ni ya haki, lakini kumrudisha Gem ni kumpeleka kwenye nyumba ile ile, bila mtu aliyeifanya iwe nyumbani, mbali na shangazi pekee anayemwamini. Mwambie mkeo hivyo mkiwa wawili, na umshukuru kwa alichokiona.

Kituo cha kurekebisha tabia bado mapema. Hivyo ni vya mtu aliyekwisha kuwa tegemezi, na ukimchanganya mtoto na watu wazima waliozama miaka mingi, anaweza kutoka na mafunzo usiyoyataka. Kama asubuhi asipokunywa anatetemeka mikono, anatoka jasho, hapo mambo ni mengine. Usimkatishe ghafla nyumbani, mpeleke hospitali, kwa kuwa kuacha ghafla kwa mwili uliozoea kunaweza kuleta kifafa. Na mkifikia kutafuta kituo, ulizeni kama kimeidhinishwa na NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya. Kwa sasa anza na mwalimu wa ushauri nasaha shuleni, na uulizie kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Huzuni ya kufiwa isiyokwisha inatibika kwa mazungumzo na mtu aliyesomea. NACADA wana simu ya bure, 1192. Childline, simu ya kusaidia watoto, ni 116, bure pia, na binti anaweza kupiga mwenyewe bila kukupitia.

Mchungaji aendelee kumwombea, nami pia ninamwombea. Ila asimwambie ana pepo. Mtoto anayelia kwa kufiwa akiambiwa kilio chake ni pepo, ataanza kukificha hata mbele ya Mungu.

Kuna jambo moja nimelichelewesha kwa sababu ni zito. Msichana wa miaka 16, mara yake ya kwanza kunywa, usiku, katikati ya umati wa vijana na wanaume wasiojulikana. Anayazungumza yote, ila akiulizwa kuhusu usiku ule anajifunika shuka. Huenda ni huzuni tu. Huenda pia kuna mtu alimfanyia jambo akiwa amelewa. Wewe usimuulize hilo, wala mkeo. Dada yako amuulize, faraghani, na aanze kwa kumwambia kwamba lolote lililotokea usiku ule si kosa lake, hata kama alikunywa kwa hiari. Kama jibu ni ndiyo, nendeni hospitali hata kama miezi imepita, kuna vipimo na kuna ushauri atakaouhitaji, kisha kituo cha polisi, na 116 watawaelekeza. Aliye chini ya miaka 18 hawezi kisheria kuridhia jambo hilo. Na wazee wa kijiji wakikuletea habari ya kukaa kikao, mtu atoe ng'ombe yaishe, kataa. Mpigie dada yako leo.